Wifi Yangu na Ndege za Chuma

Baba alipopata kiharusi, upande wake wa kulia wote ulilala. Nilikuwa nimepanga chumba Mingoyo, karibu na shule ninayofundisha. Nikafunga virago, nikarudi nyumbani Rasbura kumuuguza. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na katika watoto wawili waliobaki, mimi ndiye mkubwa na ndiye niliyekuwa karibu.

Wifi yangu nilimkuta pale pale. Mdogo wangu, mumewe, ni baharia wa meli za mizigo. Akiondoka, ameondoka miezi minane au tisa. Alipooa alimwacha mkewe kwa baba ili mzee apate wa kumpikia. Wifi ni mtoto wa Kinjumbi, kule Kilwa, mtu mpole wa maneno ya kuhesabika. Sikuwa na kinyongo naye. Niseme kweli, nilikuwa simtazami. Alikuwa mtu wa jikoni na uani, ukimwita anaitika.

Kwa heshima ya ukwe, yeye hakuweza kumgusa baba. Asubuhi jirani mmoja mwanamume alikuja kumwogesha, na yote yaliyobaki yakawa yangu. Nilimlisha, nikampa dawa, nikamkata kucha, nikamwaga kopo la haja, nikamsugua ule mkono kwa mafuta ya nazi mpaka viganja vyangu vikanuka kama kifumbu. Kisha nikapanda bodaboda kwenda Mingoyo kufundisha, nikarudi alasiri na madaftari ya kusahihisha begani.

Mtaalamu wa viungo hospitalini alituambia mkono usipofanyishwa kazi utakauka. Apewe vitu vidogo vidogo, avishike, avigeuze. Nikamletea baba ungo wa choroko achambue. Akautazama ungo, akanitazama mimi.

"Nimekuwa mpishi?"

Neno lilitoka limepinda kwa sababu ya mdomo, lakini nililielewa. Ungo ukarudi jikoni.

Ningejua tu. Baba alikuwa fundi wa saa na redio tangu ujana wake, ana kibanda mjini Lindi, na vitu vidogo alivyozoea kushika havikuwa choroko. Nilipokuwa darasa la pili au la tatu nilikuwa nampelekea chakula cha mchana. Nilipenda kusimama karibu na meza yake nimwone anavyoifungua saa, jinsi magurudumu yake yalivyokuwa yakipumua ndani kama tumbo la mjusi. Siku moja niliinama sana. Bila kuinua kichwa akasema, "Toka hapo. Pumzi zako zitapeperusha skrubu." Tangu siku hiyo chakula nilikuwa nakiweka mlangoni na kutazama kutoka pale pale, nimebana pumzi. Mdogo wangu yeye aliwekewa kigoda kando ya meza ajifunze ufundi. Akawa anasinzia. Mimi nilikuwa naona anavyosinzia, na roho ilikuwa inaniuma, maana kigoda kile ningekikalia mpaka magoti yafe ganzi.

Basi. Nilipompigia mdogo wangu kumweleza habari ya mkono na choroko, akacheka, akasema yeye atatafuta cha kumfaa. Baada ya mwezi na siku kadhaa, mwenzake aliyeshuka likizo alituletea bahasha ngumu, bapa, kama ya vyeti vya shule. Ndani mlikuwa na mabamba mawili ya chuma chembamba, ukubwa wa daftari, yanang'aa kama sahani mpya. Yalikuwa yamechorwa na kukatwa vipande, vingine vidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, kila kimoja kimeshikiliwa kwenye bamba kwa unywele mmoja wa chuma. Mlikuwa pia na karatasi ya michoro isiyo na neno hata moja. Unanyofoa kipande, unakikunja kwa koleo ndogo, kisha vile vijisikio vilivyoachwa pembeni unavipenyeza kwenye vitundu vya kipande kingine na kuvisokota kidogo visitoke. Hakuna gundi wala skrubu. Ukimaliza unapata ndege ya kivita ya wakati wa Vita Kuu ya Pili, ya mtu mmoja, ina pangaboi puani na bunduki mbawani, inakaa kiganjani.

Baba aliishika ile karatasi ya michoro kwa mkono wa kushoto siku nzima. Jioni akasema, "Aliyechora hii hakuwa mtu wa mchezo." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosema tangu augue.

Jumamosi nikakaa naye mezani. Nilikuwa nimeiwazia siku hiyo wiki nzima, nikisahihisha huku akili iko kwenye mabamba. Mwanamke wa miaka arobaini na tatu, nimevaa dera safi, nimenawa mikono kama naenda kusali. Baba akanionyesha kipande kwa kidole. Nikakinyofoa, nikakikunja, kumbe nimekikunja kinyume. Nikakikunjua nikikunje upya, na kijisikio kikakatika, tik. Chuma kile kinakubali kukunjwa mara moja tu. Nikajaribu kingine, na chenyewe kikakatika. Baba akanyoosha ule mkono mzima.

"Acha. Utaimaliza."

Nikamwekea koleo kiganjani. Nikasema hata hivyo nina madaftari, na nikaenda kuyasahihisha kweli, nikiwapa watoto wa watu makosa wasiyostahili.

Jumatatu nilichelewa kidogo kurudi. Nikavua viatu mlangoni, na kabla sijatoa salamu nikasikia sauti ya baba ukumbini.

"Sogea. Sogea karibu uone."

Wifi alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, kanga ameitanda kichwani, ameacha nafasi ya heshima. Aliposikia hivyo akavuta kiti. Vichwa vyao viwili viliinamia kipande kimoja, cheupe, kidogo. Baba alikuwa amekibana kwa kibano katika mkono wa kushoto, na ule wa kulia, mkono uliolala miezi mitatu, aliuegesha juu ya bamba lisiteleze. Wifi alikuwa anakikunja kwa koleo, polepole, wala haonekani kutumia nguvu. Alikuwa anapumua kama kawaida, mdomo wake ukiwa shubiri moja tu kutoka kwenye vile vipande. Hakuna aliyemwambia aache kupumua.

Nilisimama pale mlangoni na mkoba wangu. Sijui muda gani. Kifua changu kilikuwa kimejaa kitu cha moto, na aibu yangu ni kwamba nilikitambua mara moja. Sikuhitaji kujiuliza ni nini.

"Assalaam alaykum," nikasema kwa nguvu.

Wote wawili wakashtuka. Baba akaitikia. Wifi akasimama, akapiga goti, "Pole na kazi, wifi," akaenda kunipakulia.

Nilikuja kuambiwa ilivyoanza. Alikuwa ameleta chai, kipande kikaanguka chini ya meza, akakiokota. Akakigeuza mara mbili, akatazama mchoro, akakikunja, akakiweka mbele ya baba, akaondoka. Kimekunjwa sawasawa. Mtoto wa Kinjumbi yule, vidole vyake vimelelewa kwenye ukili. Tangu utoto anasuka mikeka huku anaongea, huku anatazama njia, na ukili haupindi. Chuma kile kwake kilikuwa ukili mgumu tu.

Ndege ya kwanza waliimaliza kwa siku kumi na moja. Baba akaiweka juu ya redio. Mdogo wangu akatuma nyingine, kisha nyingine. Kila nikirudi kutoka shule nawakuta, na kila siku wana jambo la pamoja ambalo mimi sikuwepo lilipoanza. Vipande walivipa majina yao: hiki "pweza," kile "mguu wa kuku," kile "kofia ya shehe." Baba anasema, "Nipe pweza," wifi anampa, na wanaendelea. Ningeuliza pweza ni nini, ningejibiwa. Sikuuliza.

Siku moja niliwasikia wanazungumza. Walikuwa wanafunga kile kikofia kinachomfunika rubani, na wifi, ambaye kwangu mimi hakuwahi kutoa maneno matano mfululizo, akauliza:

"Baba, huyu aliyekuwa anakaa humu ndani, alikuwa anarudi kwao?"

Baba akakigeuza kile kikofia. "Wengine walirudi."

"Na wasiorudi, wake zao walikuwa wanaambiwa?"

"Nadhani waliandikiwa barua."

Wifi akasokota kijisikio cha mwisho. Mtu mwenye moyo mweupe angekumbuka kuwa mume wa mwanamke huyu yuko katikati ya bahari, na kwamba wiki nzima simu yake ilikuwa haipatikani. Mimi nilichokiwaza ni hiki: baba hajawahi kuniuliza jambo wala kunijibu kwa sauti ile.

Nikaanza vituko. Nikiwakuta mezani naita kutoka uani, "Wifi, maji yameisha." Anaondoka, anachota, anarudi. "Wifi, wali leo umeungua chini." Haukuungua. "Wifi, kazi za nyumba zinangoja, hizo ndege haziruki leo." Hakunijibu hata siku moja. Ningefurahi angenijibu. Alikuwa anavifuta vipande kwa kitambaa kikavu, kwa ajili ya hewa ya chumvi, anavipanga kwenye kopo la maziwa, anafunika, anakwenda kufanya nilichomwagiza. Baba alibaki ananitazama, na mimi najifanya natafuta kalamu.

Kisha ikaja ile simu. Nilikuwa uani naanika mashuka ya baba, yaliyokuwa yamelowa asubuhi ile, nimeyafua mwenyewe kwa mikono yangu. Dirisha la ukumbini lilikuwa wazi. Mdogo wangu alikuwa amepiga simu ya picha, na baba, ambaye sasa maneno yake yalikuwa yamenyooka, alikuwa anamwonyesha ndege ya tatu.

"Mkeo ana mikono ya fundi," nilimsikia akisema. "Nimefundisha vijana wangapi pale kibandani. Sijapata kuona mikono kama hii."

Shuka lilikuwa mkononi, linanichuruzikia miguuni. Nilipofaulu chuo cha ualimu baba alisema, "Haya, Mwenyezi Mungu akuongoze." Nilipopewa barua ya kuwa mwalimu mkuu msaidizi alisema, "Haya." Nilikuwa nimeziweka zile haya zote mbili kama mtu anavyoweka dhahabu, kwa sababu niliamini ndizo zote alizokuwa nazo.

Kesho yake, shuleni, wakati wa mapumziko, niliingia katika chumba cha walimu, hakukuwa na mtu, nikamrekodia mdogo wangu ujumbe wa sauti. Naukumbuka neno kwa neno.

"Mdogo wangu, mimi na mkeo hatuna ugomvi. Ila watu wanasema. Mkwe na baba mkwe, kutwa nzima meza moja, vichwa vimeinamiana, na mwenye mke yuko baharini. Mimi sisemi kitu. Wewe ni mwanamume, utajua la kufanya."

Hakuna mtu aliyekuwa amesema kitu. Rasbura nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho wa mtaa, hakuna hata mmoja.

Meli yake ilikuwa mbali na mtandao. Siku nne alama kwenye ule ujumbe ilibaki moja. Kwa siku nne ningeweza kuufuta, asingesikia kamwe. Nilikuwa naufungua kila saa naitazama ile alama moja, kisha nafunga simu. Siku ya tano zikawa mbili.

Jioni ile ile simu ya wifi ililia, akaenda kuipokelea uani nyuma ya bafu. Hakuongea, alisikiliza tu. Alipotoka huko macho yake yalikuwa makavu. Akapika, akapakua, akaosha vyombo. Asubuhi nikamkuta amevaa baibui, begi liko mlangoni.

"Wifi, naenda kumwangalia mama Kinjumbi. Ufunguo wa stoo uko juu ya mtungi. Vipande vya baba viko kwenye kopo, usiliache wazi."

"Utarudi lini?"

"Mungu akipenda."

Baba alikuwa bado amelala. Aliondoka bila kumuaga.

Juu ya meza ilibaki ndege ya nne, kubwa kuliko zilizotangulia, ya injini mbili. Ilikuwa na bawa moja.

Nilidhani sasa nafasi ni yangu. Naam, nafasi ilikuwa yangu, na hakukuwa na kitu ndani yake. Baba aliuliza mara moja tu mkwe yuko wapi, nikamjibu kaenda kwao. Alikaa mbele ya ile ndege yenye bawa moja bila kuigusa. Mkono wa kulia ukarudi mapajani. Wiki ya pili tulipokwenda hospitali, yule mtaalamu wa viungo akaukunja, akaukunjua, akauliza, "Kuna kitu mlikuwa mnafanya, mmeacha. Ni nini?" Baba akatazama ukuta. Mimi nikasema tutaanza tena.

Alasiri ile nikanawa mikono, nikakaa kwenye kiti cha wifi. "Baba, tuimalizie."

Akakubali kwa kichwa. Nikajitahidi, wallahi. Nikalikunja lile bawa la pili, nikalipenyeza, nikavisokota vijisikio vyote, na hata kimoja hakikukatika. Nilifurahi kama mtoto. Nikaiinua ili aione, ndipo nilipoona kwamba bawa nimeliweka kinyume, mbele nyuma, na bunduki zake zinaulenga mkia wa ndege yenyewe.

"Baba! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafanya kwa hasira," akasema. "Mtu mwenye hasira haambiwi."

Kisha akauliza, kwa utaratibu, kama mtu anayefungua saa: "Mkwe kaenda kwao kufanya nini?"

"Kumwangalia mama yake."

"Mama yake anaumwa?"

"Haumwi."

"Haya."

Ile haya ndiyo iliyonimaliza. Nikamwambia yote: ujumbe, chumba cha walimu, siku nne za ile alama moja. Nilikuwa nasema nikitazama ndege, sikuweza kumtazama usoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipomaliza nilikuwa nimetubu, ningeweza kuishia hapo. Lakini mdomo wangu haukuishia hapo.

"Mimi ulinifukuza," nikasema. "Nilikuwa mdogo, nilikuletea chakula, ukaniambia pumzi zangu zitapeperusha skrubu. Yeye umemwambia sogea. Nimekufulia mashuka miezi mingapi, baba, na yeye ndiye uliyemwambia sogea."

Baba alinikodolea macho. Alitafuta kweli, niliona anatafuta.

"Sikumbuki," akasema.

Nilidhani atasema pole. Hakusema. Akaisogeza ndege kando: "Saa ni ya mtu. Skrubu ikipotea nailipa mimi, na nyinyi mnalala njaa. Ningemfukuza hata mama yako."

"Na huyu?"

"Hizi si za mtu, mwanangu. Hizi ni zetu. Tunacheza."

Sikuridhika wakati ule, na kusema kweli hata leo sijaridhika sana. Lakini nilielewa jambo moja. Mimi nilikutana na baba yule wa kazini, mwenye watu wanaosubiri saa zao. Wifi alikutana na mzee aliyekwisha funga kibanda. Walikuwa wanaume wawili tofauti, na sikuwa na wa kumdai.

"Kamlete," akasema.

Jioni nikampigia mdogo wangu. Kwa bahati alikuwa bandarini, akapatikana. Nikamwambia, "Nilikudanganya. Watu hawakusema chochote." Akasema, "Dada, nilimwambia mke wangu maneno ambayo mtu hamwambii mkewe," akakata. Tangu hapo simu zake za nyumbani akawa anapigia namba ya mkewe. Ya kwangu hupiga siku za sikukuu.

Jumamosi nilimwomba jirani amwangalie baba, nikapanda basi la Dar es Salaam asubuhi na mapema. Likaniacha barabarani baada ya kupita Somanga, bodaboda ikanimalizia njia. Kinjumbi nilikuwa sijafika tangu siku ya harusi. Nilimkuta wifi nyuma ya nyumba yao, amekaa chini na mama yake, wanasuka, ukili umetambaa katikati yao mrefu kama kamba ya kisima. Nilikuwa nimepanga kuongea naye faraghani. Lakini mama yake hakunyanyuka, na wifi hakumwomba anyanyuke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu mkeka."

Nikakaa. Nikasema nilichokwenda kusema, mbele ya yule mama, jua likinipiga usoni. Nikasema uongo ulikuwa wangu. Nikasema nilikuwa na wivu. Sijawahi kulitamka neno hilo juu ya nafsi yangu kabla wala baadaye. Mpaka leo hii ninapoandika, mkono unasita.

Wifi hakuacha kusuka. "Nilijua ni wewe," akasema.

"Ulijuaje?"

"Watu wa Rasbura wangekuwa wanasema, mimi ndiye ningesikia kwanza. Mimi ndiye ninayechota nao maji. Wewe ukirudi shule hutoki."

Mama yake akaguna, nusu ya kicheko.

"Basi kwa nini hukumwambia mumeo?"

"Nimwambie dada yake muongo? Ningemwambia hivyo angemwamini nani?" Akakata ncha ya ukili kwa meno. "Mkono wa baba unaendeleaje?"

"Umerudi nyuma."

Hapo ndipo vidole vyake vikasimama. Akamtazama mama yake, na mama yake akatazama upande mwingine, kama kusema uamuzi ni wako.

"Nitakuja Jumatano," akasema. "Lakini meza itoke ukumbini. Iwekwe barazani, mbele, kila apitaye aone. Na kazi za jikoni tugawane siku. Mimi si mtumishi wako, wifi."

"Sawa."

"Sema siku zako ni zipi."

Nikasema Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Akaongeza Jumanne, nikakubali. Yule mama akanipa chai na mihogo ya kuchemsha, na tukaongea habari za mvua kama watu waliofika kutembeleana tu. Njiani kurudi nililia kidogo ndani ya basi, si kwa majuto peke yake. Kuna sehemu ya kilio kile ilikuwa bado wivu: kwamba hata katika kukosewa alikuwa mtulivu kuliko mimi niliyekosa.

Jumatano alirudi. Meza nilikuwa nimeshaihamishia barazani mwenyewe. Wakalibandua lile bawa nililoligeuza, na baba akanishangaza kwa kicheko, cha kwanza tangu augue, akimwonyesha wifi jinsi bunduki zangu zilivyoulenga mkia. Wifi akacheka pia, mkono mdomoni. Vijisikio viwili vilikatika katika kulibandua, wakavishikiza kwa uzi wa waya wa redio. Ukiitazama ile ndege kwa karibu unauona.

Baraza yetu ikawa kituo. Muuza samaki anaegesha baiskeli anatazama. Wanafunzi wanauliza kama inaruka. Wazee wenzake baba wanakuja baada ya alasiri, kila mmoja anajua zaidi ya mwenzake bunduki inakaa wapi. Sasa watu ndio walianza kusema kweli, na walichosema wote ni kimoja. Mama mmoja jirani alisema mbele yangu, kapu la mchicha kichwani, "Mzee amepata mkwe! Mkwe wa hivi unamwomba Mungu miaka." Nilikuwa natwanga kisamvu, zamu yangu. Nikaendelea kutwanga.

Mkono wa baba ulirudi, haukurudi wote. Anafunga vifungo vya kanzu, anashika kijiko, koleo analishika vizuri kuliko kijiko. Mimi nilizoea kusahihisha madaftari pale pale barazani, kwenye busati, mgongo wangu ukiwaelekea. Hakuna aliyenikaribisha mezani na mimi sikuomba. Wakicheka kalamu yangu inasimama. Inasimama, kisha inaendelea.

Mwaka uliofuata mdogo wangu aliacha meli za mbali, akapata kazi bandarini Mtwara, akapanga nyumba, akaja kumchukua mkewe. Siku ya kuondoka wifi alimpigia baba goti muda mrefu. Mimi alinikumbatia, na nikashangaa kuona kwamba nimemshika kwa nguvu.

Nilidhani mambo ya ndege yameisha. Haikupita wiki mbili, zikaja bahasha mbili zinazofanana, mdogo wangu kaziagiza kwa wenzake wa melini, moja Mtwara na moja kwetu. Sasa kila Jumapili alasiri baba na wifi wanaunda ndege moja katika nyumba mbili, kila mtu na bamba lake, wanaangaliana kwenye simu. Baba anataka wifi aione mikono yake, na meza haina pa kuiegemeza simu, inateleza. Kwa hiyo ninayeshika simu ni mimi. Nasimama upande wa kushoto, kiwiko nimekibana mbavuni, na wao wanaongea.

"Nipe pweza," anasema baba kwa mazoea, kisha anamchukua mwenyewe.

Juzi mkono ulinichoka, nikaushusha kidogo bila kujua.

"Nyanyua, mwanangu," baba akasema bila kuinua kichwa. "Hatuonani."

Nikanyanyua.